Kimbunga Kisichofika Kamuli

Katika shule nyingi za sekondari za bara, somo la tufani hufundishwa kama habari ya nchi za mbali. Mwalimu wa jiografia huchora ubaoni duara lenye jicho katikati, hutaja Bahari ya Pasifiki, Ufilipino na Japani, kisha huongeza kwamba mara chache sana balaa hilo hufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi wa Kamuli, katika nchi ya vilima na migomba ya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, huyaandika hayo daftarini, huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulifunga daftari akiwa na hakika kwamba somo hilo halimhusu. Bahari ya Hindi iko mbali naye kwa kilomita zipatazo elfu moja.

Hakika hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika mambo ya hali ya hewa huweza kugharimu maisha ya watu. Ni kweli kwamba kimbunga cha baharini hakifiki Kamuli. Si kweli kwamba nguvu zinazokizaa kimbunga hazifiki huko. Joto, mvuke na upepo hufuata kanuni zilezile juu ya bahari na juu ya vilima, na dhoruba zinazoletwa bara na nguvu hizo zina hatari moja ambayo tufani za baharini hazina: huja bila jina na bila kutangazwa siku nyingi mbele. Kwa sababu hiyo somo la tufani ni somo la lazima kwa Kamuli, mradi lifundishwe kwa vipimo na si kwa picha tu.

Tufani ni nini?

Tufani, kimbunga na harikeni ni majina matatu ya kitu kimoja. Kikitokea magharibi ya Pasifiki huitwa tufani au taifuni. Kikitokea katika Atlantiki huitwa harikeni. Na kikitokea katika Bahari ya Hindi, kwa Kiswahili cha siku hizi, huitwa kimbunga. Tofauti ni ya jina na mahali, wala si ya maumbile.

Ili kimbunga kizaliwe, yapo mambo ambayo hayana budi kukutana. La kwanza ni bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, au zaidi, si juu juu tu bali hadi kina cha makumi ya mita. Maji hayo hutoa mvuke mwingi. Mvuke hupanda, hupoa, na kugeuka matone. Na katika kugeuka huko huachilia joto lililokuwa limefichwa ndani yake. Kila kilo moja ya mvuke inayogeuka maji huachilia takriban kilojuli 2,400. Joto hilo huipasha hewa iliyo juu, hewa hiyo huzidi kupanda, kanieneo ya hewa juu ya bahari hushuka, na pepo za pande zote hukimbilia kujaza pengo. Jambo la pili ni mzunguko wa dunia, ambao huzipinda pepo hizo zisifike moja kwa moja katikati bali zizunguke. Kusini ya ikweta huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kaskazini huzunguka kinyume chake. Jambo la tatu ni pepo za juu zisizotofautiana mno na pepo za chini, kwa maana zikitofautiana huikata nguzo hiyo ya joto kabla haijakomaa.

Mambo hayo yakitimia, nguvu inayopatikana ni kubwa ajabu. Tarehe 12 Oktoba 1979, katika tufani iliyopewa jina la Tip magharibi ya Pasifiki, kanieneo ya hewa ilipimwa milibari 870, wakati kanieneo ya kawaida usawa wa bahari ni takriban milibari 1,013. Hicho ndicho kipimo cha chini kuliko vyote vilivyopata kuandikwa usawa wa bahari. Upana wa Tip ulifika zaidi ya kilomita 2,200. Laiti kingewekwa juu ya ramani kitovu chake kikiwa Dodoma, kimbunga hicho kingeifunika Tanzania nzima na kuvuka mipaka yake.

Pwani imekwisha kuonja

Wapo wanaodhani kwamba pwani ya Waswahili haikupata kuguswa na balaa hili. Historia inakataa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultani Barghash. Majahazi na meli za Sultani ziliangamia bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizokifanya kisiwa hicho kuwa kiongozi wa karafuu baadaye. Upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili kwa vizazi kadhaa.

Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia nchi kavu karibu na Lindi. Katika mwaka 2019 Msumbiji ilipigwa mara mbili ndani ya muda wa wiki sita: Idai aliingia karibu na Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi, na watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha nchini Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, kisha Kenneth, akiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, akaipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, si mbali na Mto Ruvuma. Wananchi wa Mtwara na Lindi walitahadharishwa mapema. Aprili 2021 kimbunga Jobo kiliielekea pwani ya Tanzania kikafifia kabla ya kufika. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, kikaleta mvua kubwa Lindi na Mtwara, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda kusini ikakatika.

Kwa hiyo kimbunga si mgeni kabisa pwani. Ni mgeni wa nadra, na unadra huo ndio unaomfanya awe wa hatari, maana waliomwona mara ya mwisho huwa wamekwisha kufariki wakati anaporudi.

Kwa nini hakifiki Kamuli

Mwanafunzi wa Kamuli anaweza kulijibu swali hili mwenyewe kwa kuyarejea mambo matatu yaliyotajwa. Kwanza, kimbunga hula mvuke wa bahari yenye joto. Kikiingia nchi kavu hukatiwa chakula chake na kufa, aghalabu ndani ya siku moja au mbili. Kutoka pwani ya Dar es Salaam mpaka Karagwe ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na katikati ipo nyanda ya juu. Pili, Kamuli iko kati ya nyuzi 1 na 2 kusini ya ikweta. Nguvu ya mzunguko wa dunia inayozipinda pepo ni sifuri penye ikweta yenyewe, na ni ndogo mno karibu nayo. Kwa sababu hiyo ni nadra sana vimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Unguja iko nyuzi 6, Mafia karibu nyuzi 8, Lindi nyuzi 10. Kadiri mtu anavyoshuka kusini, ndivyo hatari inavyozidi.

Hata hivyo, kimbunga kinachokufa mbali na Kamuli huweza kuigusa Kamuli kwa njia nyingine. Watafiti wa hali ya hewa wameona kwamba kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi pepo za magharibi zenye unyevu wa misitu ya Kongo huvutwa kuelekea Ziwa Viktoria, na mvua huongezeka. Hali ya namna hiyo iliambatana na vimbunga Dumazile na Eliakim mwezi Machi 2018, na mvua za mwezi huo katika Afrika ya Mashariki zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwaka uliofuata Idai alikuwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Safari hii unyevu ulivutwa kusini, na mvua za masika zikachelewa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Ni bahari ileile na mwezi uleule, lakini kimbunga kilipokaa mahali tofauti, matokeo kwa mkulima yalikuwa kinyume. Mkulima wa Kamuli anayetazama mawingu ili apande maharage anatazama, pasipo kujua, mambo yanayoamuliwa kwa sehemu katika Bahari ya Hindi.

Dhoruba zisizo na jina

Vimbunga vya baharini hupewa majina kutoka orodha iliyokubaliwa na nchi za eneo hilo, Tanzania ikiwa mojawapo, na hufuatiliwa saa kwa saa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion. Setilaiti hukiona kimbunga kikingali kichanga, siku kadhaa kabla hakijafika pwani. Redio hukitaja, magazeti hukitaja, watoto hukitaja.

Dhoruba ya bara haina bahati hiyo. Wingu la radi huweza kuanza, kukomaa na kumaliza kazi yake ndani ya saa moja au mbili, juu ya eneo la kilomita chache tu. Hata hivyo mtambo wake ni uleule: hewa yenye joto na unyevu hupanda, mvuke hugeuka maji, joto lililofichwa huachiliwa, na hewa huzidi kupanda. Mvua nzito na hewa baridi iliyo ndani ya wingu huanguka kwa kishindo, hugonga ardhi, na kutawanyika pembeni kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Upepo huo wa ghafla ndio unaong'oa mabati na kulaza migomba. Ziwa Viktoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, ni chungu kikubwa cha mvuke kinacholisha mawingu hayo usiku na mchana.

Matendo ya dhoruba hizo yameandikwa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo ilikipiga kijiji cha Mwakata, Kahama, mkoani Shinyanga, na watu zaidi ya 35 walifariki, wengi wao wakiangukiwa na kuta za udongo. Oktoba 2018 mjini Geita radi iliwaua wanafunzi kadhaa wa shule ya msingi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi nchini Rwanda, jirani na Kyerwa, na watu zaidi ya 130 walikufa. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hakuna hata moja kati ya dhoruba hizo iliyokuwa na jina. Hakuna hata moja iliyotokea pwani.

Msimu wa kubuni

Na uchukuliwe, kwa ajili ya zoezi la darasani, msimu mmoja wa masika katika mwaka ujao usiotajwa. Machi, kimbunga kinakaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, unyevu unavutwa kusini, na Kamuli inasubiri mvua. Waliowahi kupanda maharage wanayaona yakinyauka. Aprili, kimbunga cha pili kinapita mashariki ya Madagaska, pepo za magharibi zinashika njia, na mvua iliyochelewa inakuja yote kwa pamoja; udongo uliokauka hauwezi kuinywa, nao unateremka na maji bondeni. Mei, kimbunga cha tatu kinaingia pwani ya kusini. Taifa zima linasikiliza habari zake, na ni haki lisikilize. Katika wiki hiyohiyo, jioni moja, wingu la radi linasimama juu ya vilima vya Kyerwa kwa dakika arobaini. Migomba yenye mikungu inalala kuelekea upande mmoja. Paa la madarasa mawili linaondoka. Siku ya pili gazeti lina picha za pwani. Habari za Kamuli hazimo, kwa sababu hakuna aliyepima wala kuhesabu.

Msimu huo ni wa kubuni, lakini sehemu zake si za kubuni. Kila moja imekwisha kutokea peke yake, mahali fulani, katika miaka ya karibuni. Kinachobuniwa ni kukutana kwake. Na sayansi inaonya kwamba nafasi ya kukutana huko haipungui. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi inasema kwamba, dunia inavyozidi kupata joto, idadi ya vimbunga vyote huenda isiongezeke, bali sehemu ya vile vikali sana itaongezeka, na upepo wake na mvua yake pia. Kanuni ya fizikia inayohusika ni rahisi: kwa kila nyuzi 1 ya Sentigredi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kanuni hiyo haichagui kati ya bahari na bara.

Tarakimu zisizopimwa hazitishi

Tanzania ina Mamlaka ya Hali ya Hewa, yenye wataalamu, rada na vituo, na kila siku hutoa utabiri. Hali mbaya ikitazamiwa hutolewa angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Mara nyingi tangazo hutaja mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, au upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa. Hapa ndipo penye pengo ambalo wataalamu peke yao hawawezi kuliziba. Mtu asiyepata kupima milimita 50 huzisikia kama urefu wa kidole, akacheka.

Na apige hesabu mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la nyumba lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 48. Milimita 50 juu yake ni lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Juu ya hekta moja ya mteremko ni tani 500 za maji. Kidole kimekuwa mzigo wa malori.

Na apige hesabu nyingine ya upepo. Kani ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake: upepo wa kilomita 120 kwa saa hausukumi mara tatu zaidi ya ule wa kilomita 40, bali mara tisa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, katika hewa nyepesi ya nyanda za juu huweka kwa makadirio niutoni 470 juu ya kila mita ya mraba. Kwa paa lile la mita za mraba 48, hiyo ni sawa na mzigo wa zaidi ya tani 2 unaojaribu kulinyanyua, hali mabati yenyewe hayafiki hata nusu tani. Fundi aliyepigilia misumari michache juu ya mbao, na asifunge mbao hizo ukutani, ameliacha paa lishikiliwe na uzito wake tu.

Mgomba nao una fizikia yake. Shina lake si mti, ni makuti ya majani yaliyokumbatiana; mizizi yake haiendi chini sana; na kileleni umebeba mkungu mzito pamoja na majani mapana kama matanga ya jahazi. Fukusi na minyoo ya mizizi wakiushambulia chini, upepo wa wastani hutosha kuumaliza. Machipukizi hubaki, lakini mkungu mwingine ni wa kungojewa mwaka mmoja au zaidi. Kwa kaya inayokula ndizi kila siku, na kuuza kidogo kwa ajili ya sare na daftari, mwaka huo ni mrefu.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba shule za vijijini hazina maabara za kutosha, sembuse vituo vya hali ya hewa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halihusu kipimamvua. Kopo lenye kingo zilizonyooka na rula ya milimita vinatosha kwa kuanzia. Kopo liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu kilicho karibu. Maji yapimwe kila siku saa tatu asubuhi, yaandikwe, kisha yamwagwe. Likizo isiwe udhuru; wanafunzi wanaokaa jirani wapeane zamu.

Wengine watasema kwamba kopo la shule haliwezi kutabiri lolote. Hilo ni kweli, na wala halikusudiwi kutabiri. Kazi yake ni mbili. Kwanza, huijaza ramani. Mwambao wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kadiri mtu anavyoelekea magharibi, mvua hupungua hata kufika kama nusu ya kiasi hicho; kipimo cha Bukoba, basi, hakiwezi kuisemea Kamuli. Wingu la radi likilowesha kilima kimoja na kuacha cha pili kikavu, ni kipimo cha mahali hapo tu kinachoweza kutoa ushahidi. Pili, humfundisha msikilizaji. Kijana aliyeziona milimita 50 ndani ya kopo, na akaona siku hiyo njia ya mtoni imekuwaje, hatalipuuza tangazo linalozitaja tena. Ataweza pia kumweleza bibi yake kwa Kinyambo maana ya tarakimu iliyotajwa redioni.

Wapo, mwisho, watakaosema kwamba balaa ni la Mungu na halizuiliki. Upepo hauzuiliki, lakini vifo hupunguzika, na ushahidi upo. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga nchi iliyoitwa wakati huo Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, na inakadiriwa kwamba watu wasiopungua 300,000 walikufa. Kimbunga kilikuwa kimeonekana. Onyo halikuwafikia watu kwa namna waliyoielewa. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa watu wa kujitolea vijijini, wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli, wa kulipeleka onyo mlango kwa mlango, na katika miaka iliyofuata zikajengwa nyumba za kukimbilia. Kimbunga Amphan kilipofika Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa nchini humo kabla ya upepo, na waliokufa huko hawakufika 50. Vimbunga hivyo viwili havikulingana kwa kila kitu, na Bangladesh imejenga mengi katika nusu karne. Hata hivyo hapana shaka kwamba tofauti kubwa ililetwa na onyo lililofika, na likaaminiwa, kwa sababu lilibebwa na jirani anayejulikana.

Yanayopasa kufanywa

Katika kijiji cha bara, jirani huyo ni mwanafunzi wa sekondari. Ndiye anayesoma, anayepiga hesabu, na anayerudi nyumbani kila jioni au kila likizo. Kwa hiyo mambo manne yanafaa kuanzwa bila kungoja bajeti kubwa.

La kwanza, kila shule ya sekondari iwe na kipimamvua na daftari lake, na daftari hilo litunzwe kama linavyotunzwa daftari la mahudhurio. Baada ya miaka kumi litakuwa mali ambayo fedha haiwezi kuinunua, kwa maana hakuna awezaye kwenda kupima mvua ya jana.

La pili, tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lisomwe kwenye mstari wa asubuhi, kisha lifasiriwe: mapipa mangapi, mteremko upi, njia ipi isipitwe. Jioni ya siku ya pili lilinganishwe na kipimo cha shule. Utabiri utakosea mara nyingine, na kuona ukikosea kwa kiasi gani ni sehemu ya sayansi. Huwafundisha vijana kutouabudu na kutoudharau.

La tatu, kanuni ya radi ijulikane na kila mtoto. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3. Mwanga ukionekana na ngurumo ikasikika kabla ya kuhesabu sekunde 30, wingu liko ndani ya kilomita 10, na ni wakati wa kuacha mpira, kuondoka chini ya mti, na kuingia katika jengo imara. Watu wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Majengo ya shule, hasa yale yaliyo juu ya vilima, yawekewe vizuia radi vilivyofungwa na fundi anayejua kazi yake.

La nne, shamba la shule liwe mahali pa kuonyesha: migomba yenye mikungu iegemezwe kwa nguzo, miti mirefu ya kukinga upepo ipandwe upande unakotoka dhoruba, nyasi zitandazwe, na makinga-maji yachimbwe kufuata usawa wa mteremko. Na paa la darasa lifungwe ukutani kwa nondo au bamba za chuma, ili wazazi wanaokuja mkutanoni waone jinsi inavyofanyika na gharama yake.

Wenye dhamana ya mitaala na mitihani wana sehemu yao. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje masharti manne ya kuzaliwa kwa tufani hupima kumbukumbu tu. Swali linalompa mtahiniwa vipimo vya mvua vya siku kumi za shule moja ya Kyerwa, na kumtaka aseme ni siku gani watu wa bondeni wangepaswa kuhamishwa na kwa nini, hupima elimu. Walimu hufundisha kile kinachoulizwa; likiulizwa la pili, kopo litawekwa uwanjani.

Kimbunga hakitafika Kamuli. Mvua ya milimita 50 itafika, na upepo wa kilomita 100 kwa saa huenda ukafika. Wakati huo thamani ya somo la tufani itaonekana katika idadi ya mapaa yaliyobaki juu ya kuta, na ya watoto walioacha mpira na kuingia ndani kwa wakati.